Gauni la Vifungo Vyeupe

Asubuhi ya siku ile Benite alifua, akaanika, akamsuka mtoto wake nywele, na hakuna kilichomtia wasiwasi. Zilibaki siku mbili kufika Noeli. Nyumba yao iko mtaa wa Carama, pembezoni mwa jiji, kule ambako majumba yanakwisha na mashamba ya mchicha yanaanza, na majirani wa huko wanaisimulia habari hii mpaka leo, kwa sauti ya chini.

Benite alizaa mapacha wa kike. Kwa desturi ya Burundi, wa kwanza aliitwa Bukuru na wa pili Butoyi. Bukuru alikufa akiwa na miezi miwili. Siku ya maziko, mama mkwe wa Benite, Léocadie, alimshika mkono akamnong'oneza.

"Mama Bukuru, pacha hapunjwi. Utakachompa huyu aliyebaki, na yule mpe. Ukimdhulumu atakuja kudai fungu lake kwa dada yake."

Kwa miaka mitano Benite hakukosea. Kila Noeli alishonesha nguo mbili. Moja ilivaliwa. Ya pili ililazwa katika sanduku la bati chini ya kitanda, likafungwa kwa kufuli mpaka Noeli nyingine. Mwaka ule fundi Saliha alishona magauni mekundu yenye kola nyeupe. La Butoyi lilikuwa na vifungo vyekundu mgongoni. La Bukuru, ili yasichanganywe, vifungo vyeupe.

Mikono ya Benite ilikuwa ndani ya sabuni, kwa hiyo gauni la Bukuru na ufunguo wa sanduku alimpa mumewe, Pontien.

"Baba Butoyi, ulilaze vizuri. Lisikunjamane."

"Mi ni mutoto?" Pontien alijibu kutoka chumbani, akicheka. "Marehemu wako ana nguo kunishinda mimi! Nimeshaliweka."

Ufunguo akautia mfukoni mwake, akatoka mpaka mchana.

Saa moja jioni walikuwa mtaa wa Kinanira. Tajiri mmoja alikuwa ameipamba bustani yake kwa maelfu ya taa ndogo, na watu walilipa kuingia. Njia ilianzia getini, ikapita chini ya nyota kubwa ya manjano, ikaingia kwenye handaki refu la taa za buluu, ikaishia kwenye pango la Noeli. Nyuma ya ukuta jenereta ilinguruma. Getini kila mtoto alifungwa bangili ya karatasi mkononi.

"Umechukua mbili za watoto?" Benite alinong'ona.

"Nimechukua. Ya pili hii hapa." Pontien akapigapiga mfuko wa suruali.

Walitembea polepole, wakishangaa kama wengine. Butoyi alikuwa mbele yao kidogo. Mkono wake mmoja aliunyoosha pembeni, vidole vimejikunja, kama mtu aliyeshika mkono wa mwenzake.

"Mama, anasikia baridi."

"Nani?"

"Bukuru. Hana nguo."

Benite alimwinamia. "Anayo, mwanangu. Iko nyumbani, kwenye sanduku."

"Apana. Baba alimupa mutoto mwingine."

"Watoto na maneno yao!" alisema Pontien. Lakini hakucheka.

Walipofika chini ya nyota ya manjano, mtoto wa kike alichomoka kati ya watu, akamkumbatia Pontien mguu.

"Papa! Papa!"

Alivaa gauni jekundu lenye kola nyeupe, refu kwake, likimfika karibu na vifundo vya miguu. Mwanamke mwenye simu mkononi alikuja mbio nyuma yake, akasimama ghafla alipomwona Benite.

"Pontien," mwanamke alisema taratibu, "si uliniambia leo uko kazini, kule viwandani, Zone Industrielle?"

Mtoto akageuka kumtazama mama yake. Vifungo vya mgongoni vilikuwa vyeupe.

"Ni wako?" Benite aliuliza.

"Mama Butoyi, tutaongea nyumbani. Watu wanatuona."

"Ana miaka mingapi?"

Mwanamke ndiye aliyejibu. "Minne. Mi naitwa Annick. Sikujua, dada. Aliniambia gauni alilinunua dukani."

Minne. Benite hakuhitaji vidole kuhesabu. Wakati yeye akilia usiku na kitambaa mdomoni ili asimwamshe mume, mume alikuwa na pengine pa kulala. Kaburi la Bukuru lilikuwa halijaota hata majani.

Lakini hofu ilimpata kabla ya hasira.

"Mvue hilo gauni," alimwambia Annick. "Nakuomba, dada. Sasa hivi."

Jenereta ikazima.

Giza likaanguka. Watu walipiga miluzi, wakacheka, kisha miluzi na vicheko vikakoma kwa pamoja. Hata wadudu walinyamaza. Kitu kidogo kilimgusa Benite gotini kikipita. Kilikuwa cha baridi. Mtoto wa Annick alitoa pumzi moja ya mshtuko. Kisha ikasikika sauti ndogo. Kifungo. Kifungo. Kifungo. Kifungo.

Taa za handaki la buluu zikawaka. Zile tu.

Mtoto wa Annick alisimama na shimizi, mikono juu, kama mtoto aliyevuliwa nguo na mtu mzima. Hakulia.

Butoyi hakuwepo.

Ndani ya handaki, wasichana wawili wenye magauni mekundu walikuwa wakienda, wameshikana mikono. Kimo kimoja. Mmoja alikuwa na vifungo vyekundu mgongoni. Mwingine vyeupe. Kila walipopita, taa za nyuma yao zilizima.

Pontien alirudi nyuma hatua moja. Ya pili. Hakuita.

Benite alipiga magoti kwenye changarawe.

"Bukuru," alisema. "Mwanangu. Umedhulumiwa, na mimi nimedhulumiwa pamoja nawe. Lakini dada yako hakukosa. Gauni ni lako, nenda nalo. Yeye niachie."

Yule wa vifungo vyeupe akasimama. Hakugeuka. Vidole vyake viliachia kimoja kimoja.

Giza. Jenereta ikakohoa, na bustani nzima ikawaka. Butoyi alisimama peke yake mbele ya pango. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu.

"Amesema anarudi kulala," alisema.

Benite alimbeba mgongoni, akapanda teksi, akafunga mlango wa nyumba kwa ndani. Alilivuta sanduku. Kufuli lilikuwa limefungwa. Alilivunja kwa mchi.

Gauni lilikuwa juu kabisa, limekunjwa vizuri, vifungo vyeupe vyote vimefungwa. Pindo lilikuwa limelowa umande na limeshika vipande vya majani. Ndani ya mkono wa kushoto wa gauni palikuwa na bangili ya karatasi, kama zile za getini.

Pontien alifika akagonga mlango kidogo.

"Mama Butoyi, nifungulie. Nitakuambia yote. Hata ile bangili, nilikudanganya. Nilichukua moja tu."

Benite aliuacha mlango umefungwa. Kati ya watu wote wa nyumba ile, aliyemwambia ukweli ni yule aliye kaburini.

Aliisogeza bangili karibu na taa. Ilikuwa imegandishwa kwa gundi na haikukatwa popote. Alijaribu kupitisha vidole vyake viwili, vikakataa. Ilikuwa saizi ya mkono wa mtoto wa miezi miwili.