Ufa Nilioufukia

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwetu Nyakabanda, jijini Kigali, hakuna anayebaki kitandani. Maduka hufungwa, barabara hutulia, na kila nyumba hutoa watu na majembe kwa ajili ya umuganda, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Ikifika saa tano watu huacha majembe na kuketi mkutanoni. Mwezi huo wa Aprili, hata hivyo, hatukufanya kazi mtaani. Chuo kikuu alichosoma Baba kiliwaalika wanafunzi wake wa zamani waje na familia zao kufanya umuganda huko.

Baba, jina lake Nasiri, alifurahi kama anayekwenda arusini. Njia nzima alitusimulia habari za bweni lake, za chemchemi ya maji baridi, na za ukumbi uliojengwa chini ya mteremko. Mama alicheka tu. Yeye hakusoma chuo. Alikulia Gahanga kwa babu yangu mchimba visima, akaijua ardhi kwa kumshikia babu kamba.

Mimi ni Shakira. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nikiri mapema: nilipenda sifa. Mzee Nzeyimana, msimamizi wa majengo, alitugawia watoto sehemu za kusafisha, akasema sehemu safi kuliko zote itatajwa mkutanoni. Nikajiambia itakuwa yangu. Nilipewa njia ya miguu iliyo juu kabisa ya mteremko, nyuma ya ukumbi. Nilifagia, nikang'oa magugu. Kisha nikaona ufa.

Ulikuwa umeikata njia na kupotelea nyasini pande zote mbili, mpana kiasi cha kuingia kiganja changu. Nilitupa kokoto ndani, sikuisikia ikifika. Kwa kweli ufa ule ulinichukiza. Kote kumependeza, halafu huo mdomo umeachama katikati ya njia! Nikasokomeza matawi, nikajaza udongo, nikaukanyaga, nikapanda nyasi juu yake. Mzee Nzeyimana alipopita alisema, "Hapa pamependeza, binti." Nikavimba kichwa.

Saa nne na nusu mawingu meusi yalikuwa yameufunika Mlima Kigali. Baba alimpeleka Mama kuiona chemchemi yake, nami nikawafuata. Maji yalikuwa mazito, ya rangi ya matofali.

"Enzi zetu ungeona mpaka kokoto za chini," Baba alisema, akashangaa.

Mama aliyaacha maji, akasogea kando. Alichutama kwenye ukingo uliochongwa nyuma ya ukumbi, akaugusa mwamba. Ulikuwa umepangika tabaka juu ya tabaka, kama majora ya vitambaa dukani, na matabaka yote yameinamia ukumbini. Kati yake kulikuwa na udongo mweupe. Mama aliusugua kwa vidole, ukateleza.

"Baba Shakira, mwamba wa namna hii hutulia ukiwa mkavu. Ukinywa maji, tabaka la juu huteleza juu ya lile la chini. Marehemu baba alikataa kuchimba mahali kama hapa."

"Mke wangu, ukumbi huu una miaka arobaini. Nimesomea humu miaka minne."

"Na miti ile? Ilikuwa imelala hivyo enzi zenu?"

Baba akatazama. Miti yote ya mteremko ilikuwa imeinamia upande mmoja. 

Mama akamwita Mzee Nzeyimana, akamwuliza kama kuna aliyeona ufa huko juu. "Mlima ukitaka kushuka huanza kupasuka juu," alisema. "Kama hakuna ufa, labda nina wasiwasi bure."

"Nimepita mwenyewe asubuhi hii, mama. Hakuna ufa. Tena binti yako ndiye aliyesafisha huko."

Mama akanigeukia. "Shakira, umeona ufa?"

"Hapana, Mama."

Neno lilitoka lenyewe. Nilifikiria jina langu likitajwa mbele ya watu, nikafikiria na aibu ya kusema nimeficha kitu. Mama alishusha pumzi, akaniamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Watu walianza kuingia ukumbini kwa mamia, wengine na watoto mgongoni. Tone la kwanza la mvua likaniangukia shingoni. Baba naye aliingia, akachagua benchi la nyuma kabisa, upande wa mteremko, akanipungia mkono nikakae naye.

Sikuingia. Nikakishika kitenge cha Mama. "Mama, nimesema uongo. Ufa upo. Nimeufukia mimi."

Hakunigombeza, hakuwa na muda. Tulipanda mbio pamoja na Mzee Nzeyimana. Nyasi nilizopanda hazikuonekana tena. Udongo wangu wote ulikuwa umemezwa, na sasa mguu wa mtu ungeweza kuingia ndani ya ufa. Upande wa chini wa njia ulikuwa umeshuka. Humo ndani tulisikia maji yakipita.

"Watoe watu wote," Mama alisema kwa sauti ya chini.

Watu walipelekwa uwanja wa mpira, wengine wakinung'unika kwa nini waloweshwe ilhali ukumbi upo. Nusu saa ikapita. Niliogopa kwamba hakuna kitakachotokea, kisha nikaogopa zaidi kwamba kitatokea. Ndipo miti ikasogea. Haikuanguka, ilishuka ikiwa imesimama, polepole, pamoja na ardhi yake. Ukuta wa nyuma wa ukumbi ulibomoka, paa likakunjika, na benchi la Baba likapotea chini ya matope. Hakuna aliyenung'unika tena.

"Alhamdulillahi, tupo wote," Baba alisema. Akanikumbatia. Nililia, nikamwambia sistahili.

Mama alichutama mbele yangu kwenye majani mabichi. "Shakira, usafi ni kitu kizuri, lakini si wa kufichia ubovu. Ukikuta kitu kimeharibika, kiseme, hata kama utaaibika. Leo umesema kwa kuchelewa. Ungengoja mkutano uanze, sasa hivi ningekuwa nafukua matope nikikutafuta wewe na baba yako."

Mkutano ulifanyika pale pale uwanjani, mvuani. Nilisimama bila kuitwa, nikawaeleza watu wote nilichofanya. Hakuna aliyepiga makofi wala aliyenicheka. Mama akawageukia watoto wenzangu waliosafisha sehemu nyingine za mlima ule.

"Na ninyi," aliuliza, "kuna mwingine aliyefukia ufa?"

Watoto watatu wakanyoosha mikono.