Breki ya Mbele ya Sitonik

Jioni ile nilitoka nyumbani kwenda kuazima pikipiki. Hilo tu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, gari halikuweza kupanda kwetu, na watu wa bodaboda walikuwa wamekwama ng'ambo, upande wa Silibwet. Mke wangu Mellen alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, na tangu saa kumi alikuwa akivuja damu. Watoto wawili tulikuwa tumeshawazika. Wa tatu nilikuwa nimeapa sitamzika.

Pikipiki iliyobaki kijijini ilikuwa moja, ya mama Rodah, mjane tunayepakana naye. Mashine ya zamani, ya mwaka wa sitini na kitu, ya marehemu mumewe. Miaka minane tangu imwangushe pale kwenye kona ya shamba la chai, hakuna aliyeipanda. Lakini kila Jumamosi Rodah aliiwasha ndani ya stoo, akaiacha ingurume kidogo, akaizima. Sisi majirani tulisikia. Hatukuuliza.

Nilimkuta mlangoni, kana kwamba alikuwa akinisubiri.

"Chukua, fundi," alisema. "Lakini breki ya mbele haishiki. Ndiyo ilimuua."

Mteremko wetu haushukiki kwa breki ya nyuma peke yake, hasa kwa tope, hasa ukiwa umebeba mtu. Mimi ni fundi, najua. Nilirudi mbio nikachukua spana, nikamleta Mellen mpaka stoo kwa Rodah, nikamlaza juu ya magunia ya mbolea. Robo saa, nilimwambia. Nipe robo saa tu.

Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Rodah alishika tochi. Nilitoa waya wa breki, nikalegeza nati, gurudumu likatoka. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi hata sihitaji macho, lakini jioni ile spana iliniponyoka mara mbili. Mellen alianza kusinzia. Niliogopa usingizi ule kuliko damu. Kwa hiyo nikaanza kuongea, kuongea chochote, ili anijibu.

"Mellen, unajua hii pikipiki ni mzee kuliko mimi?"

"Mmh."

"Ni mzee kuliko hata ile kofia ya baba yako."

"Wachana na... kofia ya baba," alinong'ona, na karibu atabasamu.

Nikafungua dramu ya breki, ule mkebe wa chuma katikati ya gurudumu.

Harufu ilitoka kwanza. Si ya chuma, si ya vumbi la breki. Ilikuwa tumbaku ya kunusa, mbichi, kali, kana kwamba mtu ameimimina kiganjani sasa hivi.

Halafu nikaona grisi.

Grisi haiingii mahali pale. Hata fundi mlevi haipaki hapo, kwa sababu breki iliyopakwa grisi si breki tena. Lakini vitambaa vyote viwili vya breki vilikuwa vimepakwa, kwa mkono, bila haraka, na katika grisi ile kulikuwa na alama za vidole vitatu. Vyembamba.

Miaka minane, na bado zinaonekana.



"Osha tu, fundi," Rodah alisema.

Nilimtazama. Mkono wake wa kushoto haunyooki. Kijijini husemwa kwamba ulivunjika mwaka alioolewa, na mwaka uliofuata ukavunjika tena.  Ningeuliza vipi, na mke wangu amelala pale? Nilinyonya petroli kutoka kwenye tangi, nikaosha grisi, nikasugua vitambaa kwa msasa mpaka vikawa vikavu.

Mellen alikuwa amenyamaza.

"Mellen! Ongea na mimi!"

Alikuwa amefumba macho.

Nikamgeukia Rodah. Nilitaka sauti tu, sauti yoyote ndani ya stoo ile. "Mama, mzee wako alikuwa anaitwa nani? Jina lake lenyewe?"

Aliinamisha tochi.

"Mama, tafadhali, asilale! Alikuwa anaitwa nani?"

Na nikafanya jambo ambalo kila fundi hulifanya bila kufikiri. Nikainama, nikapuliza kwa nguvu vumbi lililobaki ndani ya dramu. Lote likapaa kuelekea kwenye magunia.

"Sitonik," alisema Rodah, polepole sana.

Mellen akapiga chafya.

Macho yake yakafunguka, makubwa, na mikono yake ikakimbilia tumboni.

"Gichana..." aliniita. "Mtoto amegeuka."

Tochi ilianguka. Gizani nilimsikia Rodah akirudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ukagonga ukuta wa mabati.

Mimi ni Mkisii. Sikujua. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba kwa Wakipsigis, watu wa Rodah, mtoto akishazaliwa, wanawake humnusisha tumbaku kidogo na kumtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Wao hutaja kwa uangalifu.

Kuna majina wanayoyaruka.

Nilimfunga Mellen mgongoni kwangu kwa leso ya Rodah, tukashuka. Taa ya pikipiki ilikuwa ya manjano, hafifu. Chai pande zote mbili, nyeusi, imelowa. Tulipoikaribia ile kona nilisikia maji, mengi, lakini macho yangu yalikuwa bado yanatafuta barabara. Sikuwa nimebana breki. Naapa.

Vidole vilishuka juu ya vyangu.

Baridi. Vikubwa kuliko vyangu. Vikabana.

Harufu ya tumbaku...

Pikipiki ilisimama. Hatua moja mbele ya gurudumu, barabara haikuwepo. Kalvati, lile bomba la kupitishia maji chini ya barabara, lilikuwa limezolewa na mvua. Mikono yote miwili ya Mellen ilikuwa imenizunguka kiunoni. Niliipapasa, mmoja, wa pili.

Tulizunguka kwa njia ya wachuma chai. Saa tatu usiku mtoto wetu Ratemo alizaliwa hospitalini, mzima, analia.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Rodah huja kwetu kila siku. Humletea mtoto maziwa, humwosha, na huuliza swali lile lile kabla hajaketi.

"Ameanza kusema?"

"Bado, mama."

Na hushusha pumzi.

Ratemo alichelewa kusema. Daktari alituambia tusiwe na wasiwasi. Jumamosi iliyopita alikuwa amekaa mapajani mwa Rodah jikoni, anachezea mkono wake wa kulia. Akachagua vidole vitatu. Akavibana, kama mtu anayebana breki. Akamwangalia usoni.

"Grisi," alisema.

Mellen alicheka mpaka machozi. "Huyo ni mtoto wa fundi kweli!"

Nami nilicheka. Ni neno analolisikia kutwa nzima, nikiagiza, nikitafuta, nikipaka. Najiambia hivyo mpaka leo.

Rodah hakucheka. Alimweka mtoto chini taratibu sana. Halafu akainua ule mkono wake usionyooka, akajikinga uso nao, akafumba macho, akangoja.