Kuzima Kioo si Kufunga Kompyuta

Bwana Pindo alikuwa fundi wa nguo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu pindo la mkono wake halikufumuka upesi. Alishona barazani kwake kuanzia asubuhi. Mkewe alitia vifungo na kupiga pasi. Watoto wao wawili wakitoka shule walitupa mikoba juu ya vitambaa vya watu, wakagombezwa, na kesho yake wakarudia.

Siku moja Bwana Pindo alianguka chumbani. Mwili ulikakamaa, ukatetemeka, na alipozinduka hakujua lililompata. Alipoanguka mara ya pili, yeye na mkewe walikwenda hospitali kuu, mbali na kwao. Daktari alimpima, akasema majibu yatatumwa kwa barua pepe.

"Hili ni letu sisi wawili," Bwana Pindo alimwambia mkewe njiani. "Hata mama yako asijue."

"Kwani mimi redio?" mkewe akajibu.

Simu yao ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Kwa hiyo mke alikwenda maktaba, penye kompyuta za watu wote. Alifungua barua ya daktari. Ilisema ugonjwa ni kifafa. Ilisema pia kwamba kifafa hakiambukizi, na kwamba wengi hupata nafuu kwa dawa. Machozi yalimjaa. Nyuma yake watu walikuwa wakingoja zamu, naye hakutaka waone. Akabonyeza kitufe kilicho chini ya kioo. Kioo kikawa cheusi. Akaamini amefunga kila kitu, akaenda zake.

Wiki haikwisha, mteja mmoja akaja barazani.

"Fundi, nipe kitambaa changu."

"Bado sijakikata, mama."

"Ndiyo maana nakitaka."

Mwingine alikuja akakataa hata kuketi kwenye kiti. Watoto nao walirudi nyumbani wanalia. Wenzao shuleni walikuwa wakijiangusha chini na kutetemeka, wakimwigiza baba yao.

Jioni Bwana Pindo alimwita mkewe.

"Wamejuaje?"

"Sijui, mume wangu."

"Daktari hakai mtaa huu. Mimi sikusema. Amebaki nani?"

"Haki ya Mungu, sijafungua mdomo!"

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Akachukua mkeka, akaenda kulala barazani.

Tangu hapo hakumsemesha mkewe. Akitaka maji, alimtuma mtoto. Mke alipika, akapakua, akala peke yake jikoni. Inauma kuadhibiwa kwa kosa ambalo hata hulijui. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

Siku ya kurudi hospitali ilikaribia. Mke alikwenda tena maktaba kutazama tarehe. Aliketi mbele ya kompyuta ambayo kioo chake kilikuwa cheusi, akabonyeza kile kitufe. Hapo ikatokea barua ya msichana asiyemjua. Msichana huyo alikuwa akiomba kazi. Picha yake ilikuwepo, na namba ya simu, na mahali anapokaa.

Mke akaita, "Mkutubi! Njoo uone! Huyu ni nani?"

Mkutubi alikuja pamoja na fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo aliyekuwa akitengeneza mashine ya pembeni.

"Huyo alizima kioo tu, hakufunga barua yake," fundi akasema. "Ni kama kuteremsha pazia ukaacha mlango wazi. Anayekuja nyuma yako anaingia bila hodi."

Mke akashika kichwa. "Basi ni mimi. Mimi ndiye niliyemwanika mume wangu!"

"Pole, dada. Kuna aliyekufundisha kufunga?"

"Hakuna."

Fundi akamgeukia mkutubi. "Nilikwambia mashine hizi zina hatari. Ukasema mbona hakuna anayelalamika."

Mkutubi alitazama sakafu. "Ni kweli. Zipange leo hii."

Fundi alizipanga. Sasa mtu akiiacha kompyuta, baada ya dakika chache inajifunga yenyewe, na yote aliyoyasoma na kuyaandika yanafutika. Hakuna awezaye kuiwekea programu ngeni. Vioo navyo viligeuzwa, visitazamane na wanaongoja zamu. Kisha fundi akamketisha mke.

"Ukimaliza, bonyeza hapa palipoandikwa 'Ondoka'. Usiinuke mpaka uone barua imefungwa. Kompyuta ikikuuliza kama ikutunzie neno lako la siri, kataa. Hii si yako, ni ya kila mtu. Na neno la siri la zamani libadilishe sasa hivi."

Jioni hiyo mkutubi, aliyekwisha kusimuliwa na mke yaliyotokea nyumbani, alimfuata Bwana Pindo barazani.

"Mkeo hakusema lolote, fundi. Siri yako ilitokea kwetu maktaba. Kosa ni letu." Akamweleza yote.

Bwana Pindo alisikiliza mpaka mwisho. "Na wateja wangu, utawaeleza lini?"

Maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake mume na mke walikwenda maktaba pamoja. Walisoma tarehe ya hospitali. Mke akabonyeza 'Ondoka', akangoja.

"Hebu ifungue tena," mume akasema.

Kompyuta ikauliza jina na neno la siri, kana kwamba haijawahi kuwaona.

"Haitujui," mume akasema.

"Haitujui."

Bwana Pindo alivifuta vidole vyake kwenye suruali, ingawa havikuwa na uchafu. "Mama watoto, nimekukosea sana. Nisamehe."

"Niliapa mbele yako, hukuniamini," mke akasema. "Nitakusamehe. Lakini si leo."

Akainuka. Akamwita mama aliyekuwa akingoja zamu, akamwonyesha pa kubonyeza akimaliza.