Hofu Aliyofundishwa Gesare

Asubuhi hiyo Bochaberi alichuma chai mbio mbio. Ndui ilikuwa imesikika ng'ambo ya mto, na gari la chanjo lingekaa sokoni Nyamache siku moja tu. Akambeba Mogaka mgongoni, mtoto wa miezi mitano. Gesare, wa miaka mitatu, akamshika mkono.

Foleni ilienda vizuri mpaka wakamfikia mchanjaji. Alikuwa Ogutu, Mjaluo, mrefu kama mlingoti wa bendera. Gesare kumwona tu, akapiga kelele mpaka wauza ndizi wakageuka.

"Twende nyumbani," Bochaberi akasema. "Hii iko kwa damu. Mkisii anazaliwa akimwogopa Mjaluo."

"Ala! Na ndui je, nayo inaogopa Mjaluo?" akauliza Persis, jirani yake, nesi wa hapo. "Hebu lete huyo mdogo."

Bochaberi akasita, kisha akamfungua Mogaka. Persis akampa Ogutu ampakate. Mogaka akamkodolea macho, akamshika pua, akacheka mpaka mate yakamtoka.

"Mzee, hiyo pua si ndizi!" Ogutu akatania.

"Sasa huyu damu yake ametoa wapi?" Persis akauliza. "Si mama ni mmoja, baba ni mmoja?"

Bochaberi akawatazama watoto wake wawili.

"Mama Gesare, Gesare akikataa kulala, unamwambia nini?" Persis akauliza tena.

Hapo Bochaberi akaona haya, akakiri. Kila siku alimwambia: "Lala, Omogere anakuja na gunia." Na Omogere kwa Kikisii ndiye Mjaluo.

"Umeona? Mtoto anaweza kuogopa mgeni yeyote, hiyo ni kawaida. Lakini mambo ya kabila hajui mpaka sisi tumwambie. Tena anasoma uso wako."

"Sasa nifanye nini? Gari linaondoka!"

"Anza wewe."

Bochaberi akamnyooshea Ogutu mkono wake achanjwe. "Unisamehe, baba. Nimekufanya zimwi nyumbani kwangu."

"Usijali. Mama yangu alinitisha kwamba Mkisii atanila," Ogutu akasema. "Na leo mmenizunguka hapa, hakuna aliyenila!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bochaberi naye akacheka huku akichanjwa. Gesare akanyamaza, akamtazama mama yake. Akasogea pole pole, akatoa mkono. Alilia kidogo, lakini hicho kilikuwa kilio cha sindano tu. Mogaka naye akachanjwa.

Baada ya wiki moja Ogutu alipita nyumba kwa nyumba kukagua mikono. Gesare alipandisha mkono wa gauni kabla hajaambiwa. Kidonda kilikuwa kimevimba, kikawa duara safi.

"Chanjo imeshika, ndui haitampata," Ogutu akasema.

Bochaberi akashusha pumzi, akamvutia mgeni kiti.