Mlio Aliouchagua Mfamasia

Jumamosi ile ilianza vizuri tu, kama Jumamosi ya mtu yeyote mwenye gari jipya na nafasi ya kulitazama. Mfamasia alikuwa amelala chali uani, kichwa chini ya gari, miguu nje, akilichungulia bomba la moshi kana kwamba panya wa dukani kwake kahamia humo. Gari lenyewe lilikuwa la mbio, milango miwili, rangi ya fedha, limelala chini karibu liguse ardhi. Alikuwa amelitamani tangu anavaa kaptura za shule. Sasa alikuwa nalo, na halikuwa na kasoro ila moja.

"Shemeji," kaka wa mke wake alimwambia siku ya kwanza alipoliona, "gari zuri, sikatai. Ila linalia kama friji."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Tangu hapo alizunguka maduka yote ya ekzosi mjini kama mtu anayetafuta mchumba. Moja ililia kama bati linaloburutwa. Nyingine ilinguruma vizuri mtaani, lakini akishika barabara kuu ikamjazia kichwa mvumo hadi meno yakamuuma. Ya tatu ilikuwa ya chuma cha pua, inang'aa utadhani kioo, na mlio wake ulikuwa sawasawa na wa kila kijana anayepita mbele ya duka la dawa akiomba kutazamwa. Mfamasia akaikataa pia.

"Mimi uliniposa haraka kuliko unavyochagua bomba," mke wake alimtania kutoka dirishani.

Mke wake alikuwa mwalimu wa chekechea, na sauti yake ndiyo iliyokuwa kazi yake. Darasa zima lingekuwa linalia, yeye angesema neno moja taratibu, likanyamaza. Nyumbani alikuwa na wimbo aliojitungia mwenyewe wa kumvisha nguo binti yao, mtoto wa shavu lenye alama nyeusi ambaye kila mtu alimwita Kidoti. Kwa kila kifungo alichomfunga, mama aliimba, "Ingia ndani, kifungo, ingia ndani. Nje kuna baridi." Akifika kifungo cha mwisho alilivuta lile neno la mwisho, kisha akakohoa kidogo, kikohozi chepesi cha kumaliza. Bila wimbo huo Kidoti hakukubali kuvaa. Na mfamasia, akinywa chai chumba cha pili, alikuwa akingoja kile kikohozi ndipo anyanyuke kwenda kazini.

Basi asubuhi hiyo ya Jumamosi shemeji akaja na habari kwamba kuna fundi, nyuma ya maghala ya mbao, hauzi ekzosi za dukani. Anatengeneza kwa mkono. Watu wanamwita Sikio, kwa sababu hatumii kipimo chochote zaidi ya masikio yake.

"Ana maneno machache na bei ya haki," shemeji alisema. "Mengine utajionea."

Wakaenda pamoja. Karakana ya Sikio ilikuwa safi kuliko karakana zote mfamasia alizowahi kuziona. Sakafu ilifagiliwa. Mabomba yalitundikwa ukutani, ya zamani na mapya, midomo yote ikiangalia chini. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mwembamba mwenye aproni ya ngozi, na aliongea kwa kunong'ona, hata mchana ule kweupe.

"Unataka mlio gani?"

Mfamasia akajaribu kueleza. Uwe mzito lakini usiwe wa kelele. Uwe na heshima. Usiwe wa vijana. Akajisikia akibwabwaja, akanyamaza.

"Sahau magari," Sikio akanong'ona. "Hapa duniani, ni sauti gani ukiisikia unatulia?"

Mfamasia akacheka. Kisha, kwa kuwa swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwa tayari mdomoni, akasema, "Ya mke wangu, akimvisha mtoto nguo."

"Hiyo ndiyo umeichagua?"

"Hiyo hiyo."

"Sema umeichagua. Nisije nikaonekana nimejichukulia."

"Haya, nimeichagua," mfamasia akasema, bado anatabasamu. Kila fundi ana vituko vyake.

Sikio akamweleza kwamba sailensa hushindiliwa sufi ndani ili kupunguza kelele. Wengine hutumia sufi ya kiwandani. Yeye hushindilia kitu kinachoujua mlio wenyewe. Alikuwa anaangalia kiti cha nyuma cha gari. Pale palikuwa na skafu ya kijani ya mke wake, ile anayoifunga shingoni asubuhi za baridi. Mfamasia aliyafuata macho yake hadi kwenye ile skafu, akaona ni mchezo tu, kitambaa kitaungua siku ya kwanza na hakuna atakayejua. Akampa. Sikio aliikunja polepole, akainusa, akaiingiza ndani ya sailensa, akafunga kwa kuchomelea.

Gari lilipowashwa, shemeji, mtu asiyeishiwa utani, alisogea karibu kusikiliza. Mlio ulitoka chini, laini, wenye joto, wa kumfanya mtu asimame. Mfamasia alihisi machozi yanamlengalenga, akajikaza. Njia nzima watu waligeuka. Alipoingia uani mke wake alitoka kumpokea, akafungua mdomo kumpongeza, akakohoa.

"Vumbi," mke wake alisema. Sauti ilikuwa inakwaruza.

Wiki ile mfamasia hakuliacha gari. Alitafuta sababu za kwenda mbali. Na kila aliporudi, sauti ya mke wake ilikuwa imepungua kidogo, kama sabuni. Alimletea dawa ya maji, vidonge vya kumung'unya, akamfukizia mvuke. Dawa zote za koo alizokuwa amewapa watu kwa miaka, akampa yeye. Daktari alimulika kooni akasema ni safi, hakuna uvimbe, hakuna kidonda, apumzike. Shule ikampa likizo kwa upole. Jumapili iliyofuata mfamasia alilipeleka gari barabara kuu akalikanyaga mpaka mwisho, na mlio ukapanda ukawa mzuri kiasi kwamba alicheka peke yake. Alipofika nyumbani mke wake alikuwa ameketi jikoni, mkono kooni. Midomo ilicheza. Hakikutoka kitu.

Asubuhi iliyofuata Kidoti hakuvaa. Alisimama na gauni lake la shule limeachia mbele, akimngoja mama aimbe, na mama alikuwa akilia bila sauti. Mfamasia hakuweza kuangalia. Akatoka uani akawasha gari lipate moto, walau afanye kitu anachokijua.

Kidoti akamfuata. Alisimama nyuma ya gari, akainamisha kichwa. Kisha akafunga kifungo cha juu. Akangoja. Akafunga kinachofuata. Mfamasia alimwona kwenye kioo cha nyuma. Mtoto hakuwa anafunga ovyo. Alikuwa akifuata kitu.

Mfamasia akashusha kioo cha mlango. Akasikiliza.

Injini ilikuwa inanguruma polepole, na ndani ya ule mngurumo mlikuwa na mpando na mteremko. Ulipanda. Ukashuka. Ukapanda tena. Kidoti alipofika kifungo cha mwisho, mlio ulijivuta. Halafu gari likakohoa. Kikohozi kidogo, chepesi.

"Mama kamaliza," Kidoti akasema.

Mfamasia alizima gari.

Hakwenda kazini. Alikwenda kwa Sikio kwa miguu, kwa kuwa hakuthubutu kuliwasha tena. Fundi alimkaribisha kwa adabu, akamfutia kiti. Nje ya karakana palikuwa na gari jingine, kuukuu, linanguruma taratibu, na mama mtu mzima ameketi ndani peke yake amefumba macho. Gari lile lilikuwa linacheka. Hapakuwa na neno jingine la kulieleza. Kilikuwa kicheko cha mzee, kinakatika, kinaanza tena, na yule mama alikuwa akitabasamu na machozi yanamtiririka.

"Itoe," mfamasia akasema. "Ile ekzosi. Itoe, umrudishie."

"Nilikuuliza," Sikio akanong'ona. "Ukasema umeichagua."

"Sikujua."

"Hakuna anayejua." Alisema bila ubaya wowote. "Nikiikata, sauti itatoka. Kutoka ndiyo njia pekee iliyo nayo. Itakwenda itakakokwenda. Ukiiacha, angalau utakuwa unaisikia."

"Na mke wangu?"

Sikio aliyatazama mabomba yake ukutani. "Usimwache mtoto akae karibu nayo," akasema. "Watoto bado hawajajua kuifunga midomo."

Mfamasia alirudi nyumbani mbio, mtu wa makamo mwenye koti jeupe, hajakimbia tangu aoe. Akiwa bado mtaani aliusikia mlio. Kumbe mke wake alikuwa ameliwasha gari. Alikuwa nyuma ya usukani, mlango wazi, anajisikiliza mwenyewe. Mtoto alikuwa amemwonyesha. Alikuwa ameweka viganja viwili kifuani na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa furaha, furaha ya mtu aliyekiona kitu alichokwisha kukikatia tamaa.

Kidoti hakuwa naye.

Mfamasia alizunguka nyuma. Mtoto alikuwa amechuchumaa, mikono magotini, mdomo wake umeukaribia mdomo wa bomba, karibu kabisa. Alikuwa anaimba. Anaimba pamoja nalo, pumzi kwa pumzi, moshi ukimpita mashavuni, na hakuwa anakohoa.

"Ingia ndani," Kidoti aliimba. "Ingia ndani."

Akamnyakua. Mke wake akazima gari, akatoka, akaona. Midomo ya mtoto ilikuwa na duara jeusi la masizi. Hapo mfamasia alimwambia mke wake yote, la swali, la jibu, la skafu, na hakuna wakati mwingine maishani mwake aliowahi kujiona mdogo vile. Mke wake alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga, hakumsukuma. Aligusa koo lake mwenyewe, kisha akagusa koo la Kidoti, akatikisa kichwa. Akaingia stoo akatoka na msumeno wa chuma, akampa.

Mfamasia alilala chali palepale alipolala Jumamosi ile. Msumeno ulikula chuma taratibu. Mke wake alikuwa amekaa kitako kando yake, amemshika mguu, ili awe karibu sauti ikitoka. Bomba lilipoachia kulitoka pumzi. Pumzi ndefu, ya vuguvugu, ikampita mfamasia usoni ikaenda. Haikusema kitu. Mke wake alifumba macho akajaribu kuita jina la mumewe. Kimya.

Mfamasia akaipasua na sailensa, kwa hasira tu. Skafu ilikuwa ndani, kijani kama siku iliponunuliwa. Haikuungua hata uzi. Ilikuwa na joto la mwili, na ilikuwa na unyevu, kama kitambaa kilichofungwa mdomoni mwa mtu anayepumua. Akaitupa kwenye ndoo ya maji.

Mchana ule ule shemeji alikuja na lori, wakalikokota gari kwenda kuuzwa kwa vyuma chakavu. Shemeji hakutania. Kidoti aliogeshwa, masizi yakatoka, akalala mapema, na siku ikaisha bila yeyote kumsikia akisema neno. Walidhani amechoka.

Asubuhi mfamasia aliamka akasikia wimbo.

Aliusikia wote, amelala, hathubutu kupumua. Ingia ndani, kifungo. Ilikuwa sauti yenyewe, haikupungua chochote. Ikajivuta mwishoni. Ikakohoa kidogo. Akaruka kitandani akakimbilia chumba cha mtoto huku anacheka, machozi yanamtoka.

Kidoti alikuwa anajifunga vifungo peke yake. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba," Kidoti akasema, kwa sauti ya mke wake.

Mfamasia alimpeleka mtoto dirishani. Akachukua tochi, akamwambia apanue mdomo. Koo lilikuwa dogo, la waridi, safi. Hakuna uvimbe, hakuna kidonda. Alikuwa na rafu nzima za dawa kule dukani na hakuna hata moja yenye jina la ugonjwa huu. Alimtekenya, kama alivyozoea, ili asikie kile kicheko chake cha kitoto. Mtoto alicheka. Kilikuwa kicheko cha mwanamke mzima, na mwenye kicheko alikuwa amesimama pale pale akikisikiliza. Kicheko cha Kidoti mwenyewe hawakukisikia tena tangu siku ile.

Mfamasia akatoka uani kwa sababu miguu ilimtoa. Skafu ilikuwa bado kwenye ndoo. Akaikamua, akaikunjua ili aianike, asijue afanye nini kingine. Katikati yake, upande uliokuwa umekunjwa kwa ndani, ndani ya chuma kilichofungwa kwa kuchomelewa, palikuwa na duara jeusi la masizi. Lilikuwa dogo. Akalilinganisha na kidole chake gumba. Lilikuwa na umbo la mdomo wa mtoto, umefunguka nusu, kama anayetaka kuita.

Akalisugua kwa sabuni. Akalisugua tena. Halikutoka.

Nyuma yake dirisha likafunguliwa.

"Baba," sauti ya mke wake ikamwita, taratibu, kama inavyomwita mtoto. "Ingia ndani. Nje kuna baridi."