Chumba Chini ya Ngazi

Giza lilipoanza kuingia, ofisini walibaki wawili tu: Rula na kompyuta yake. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu ya mistari yake iliyonyooka, naye akalizoea. Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Modeli ya jumba la mteja ilikuwa tayari, nyumba nzima unayoweza kuizungusha kwenye skrini kama chungwa mkononi. Lakini mafundi hawajengi kwa kuzungusha chungwa. Wanataka karatasi. Ilibidi achukue sura za nyumba, ya mbele, ya juu, na ule mkato unaoonyesha ndani kana kwamba jumba limepasuliwa kwa kisu, azipange kwenye karatasi, achapishe, aende zake.

Modeli hiyo aliianza kaka yake. Mteja alitaka chumba chini ya ngazi, kisicho na mlango wala dirisha. Kaka alikichora. Siku alipokimaliza, akaanguka. Tangu hapo amelala kwa mama yao, macho wazi, haongei, hatambui mtu. Hospitali wamempima mpaka wamechoka.

Rula akaweka sura ya mbele. Sawa. Ya juu. Sawa. Akaweka mkato.

Ndani ya chumba kile palikuwa na mtu.

Akacheka kidogo. Wachoraji huweka vijitu kuonyesha kimo. "Nani tena kanichezea?" Akarudi kwenye modeli, akakikagua chumba pande zote. Kitupu. Akaufuta mkato, akauweka upya.

Mtu yupo. Na sasa amesogea ukutani.

Akaikuza picha. Bega la kushoto limeshuka, kama la mtu aliyevunjika utotoni na mfupa ukaunga vibaya. Bega hilo Rula alilijua. Alilikanda mwenyewe.

"Kaka..."

Krr... krr... krr...

Kucha juu ya ukuta. Sauti ilitoka ndani ya skrini. Harufu ya saruji mbichi ikajaa ofisi nzima.

"Umefika kwenye mkato, binti?"

Mteja alikuwa amesimama nyuma yake. Mlango wa ofisi haukulia.

"Shikamoo," likamtoka kwa mazoea.

Hakuitikia. "Chapisha tu," akanong'ona, sauti ya chini kama ya mtu aliye msibani. "Karatasi ikitoka, imekwisha. Hata yeye hatakwaruza tena."

"Yeye nani?"

"Jumba kubwa halisimami bila mtu wa kulishikilia. Anayekichora chumba kile ndiye anayekaa humo."

Hasira ikampanda. Mama amebaki mifupa kwa kumlisha mwanawe kijiko kwa kijiko, kumbe mwenyewe kafukiwa huku kama jiwe la msingi!

Akashika mausi.

"Unafanya nini?"

"Naweka mlango."

"Thubutu!" Pumzi baridi ikampiga sikioni. "Ukiugusa ukuta ule, utakaa wewe."

"Basi nitakaa penye mlango."

Akaingia kwenye modeli, akaukata ukuta. Sura za kwenye karatasi huifuata modeli: kinachobadilika kule hubadilika huku. Mlango ukatokea kwenye sura ya juu. Ukatokea kwenye mkato. Akauchora ukiwa wazi, wazi kabisa.

Taa zikazimika, ukabaki mwanga wa skrini tu.

Nyuma yake kikatoka kilio, kirefu, kikavu, kama ukuta unaopasuka. Kisha kimya. Alipogeuka, mteja hakuwepo. Juu ya mgongo wa kiti chake palibaki alama za vidole, nyeupe kwa vumbi la saruji.

Kwenye skrini, chumba kilikuwa kitupu.

Simu ikalia. Mama, analia na kucheka kwa pamoja. "Mwanangu, kaka yako kaamka! Kaomba maji!"

Rula akaibana simu sikioni.

"Ila anaweweseka," mama akashusha sauti. "Anasema mle hakuwa peke yake. Eti walikuwepo wengine, wa zamani sana. Anauliza... umeufunga mlango?"

Kwenye giza la ofisi, nyayo tupu zilikuwa zinapita sakafuni. Taratibu. Moja baada ya nyingine, zikielekea nje. Zikapita, zikapita. Za mwisho zikasimama kando ya kiti chake.

Rula hakugeuka.

"Mwambie sijaufunga, mama," akasema, kwa sauti ya kusikika na kila aliyekuwemo. "Na sitaufunga."