Ufagio wa Nabwire

Kila asubuhi Nabwire alifagia nyumba. Kisha alishuka bondeni, akafagia shamba.

Ndiyo, shamba. Lilikuwa kipande kidogo karibu na mto, hapo Kayole, na alikiweka safi kama sebule. Alipoolewa, mama mkwe wake alimwambia, "Mwanangu, shamba chafu ni mke mvivu." Nabwire hakusahau. Aliokota kila jani na kila bua, akayachoma.

Mwaka huo ulikuwa 1996. Mumewe, Lusweti, alikuwa kibarua viwandani, Industrial Area. Siku nyingine alipata kazi. Siku nyingine alirudi saa nne asubuhi, mikono mitupu. Siku hizo watoto wao wanne walikula sukuma wiki ya shamba lile.

Lakini sukuma wiki ilikuwa imeanza kukonda. Majani yalikuwa madogo na ya manjano. Nabwire alimwaga maji, nayo yakateremka yote mtoni. Kikundi chao cha wakulima kilikuwa na sheria: kipande kisichozaa misimu miwili hupewa mtu mwingine. Msimu mmoja ulikuwa umeshapita.

Jirani yake shambani aliitwa Mama Kilonzo, mwenyeji wa Ukambani. Shamba lake lilifunikwa nyasi kavu, mabua na maganda ya maharagwe. Nabwire hakuweza kuvumilia. Alimwita mwenyekiti wa kikundi, Bwana Opicho.

"Mwenyekiti, angalia hii uchafu! Panya watazaana hapa. Mwambie afagie."

Opicho aliangalia. Sukuma wiki ya Mama Kilonzo ilimfika kiunoni. Kisha akageukia kipande cha Nabwire.

"Yako ni safi kweli, mama. Lakini mboga iko wapi? Umebaki na msimu mmoja. Nitarudi mwezi wa saba."

Nabwire alikwenda kushtaki, akarudi ameshtakiwa. Aliona haya sana. Usingizi ulimpaa.

Asubuhi alimkuta Mama Kilonzo shambani.

"Mama Kilonzo, jana nilikukosea."

"Ulinikosea sana! Eti mimi nafuga panya?" Mama Kilonzo akacheka. "Haya, weka hiyo ufagio chini. Lete mkono."

Aliushika mkono wa Nabwire, akauingiza chini ya nyasi. Udongo ulikuwa mweusi, laini na wenye unyevu. Nyungunyungu alijipindapinda kati ya vidole.

"Umemwagilia leo?" Nabwire aliuliza.

"Tangu Jumamosi sijamwagilia. Na leo ni Jumatano. Sasa shika yako."

Udongo wa Nabwire ulikuwa mgumu kama tofali.

"Lakini mimi naweka majivu," Nabwire alijitetea.

"Majivu husaidia kidogo. Kile kikubwa kinaenda na moshi. Sikiza. Mmea huvuta hewa. Ndani ya hewa kuna kitu kinaitwa kaboni. Mmea unaitumia kujenga jani, bua na mzizi. Ukichoma, kaboni inarudi juu. Afisa wa kilimo alitufundisha kule Machakos. Kaboni ikizidi huko juu, inazuia joto lisitoke. Dunia inapata joto, na mvua haifuati tena saa zake."

"Aki, moshi yangu hii kidogo tu?"

"Yako peke yake, hapana. Hebu angalia ng'ambo."

Nabwire aliinua macho. Ng'ambo ya mto moshi ulipanda mahali pengi.

"Majani yakiozea hapa," Mama Kilonzo aliendelea, "sehemu ya kaboni inabaki ndani ya udongo. Udongo unakuwa mweusi, unashika maji. Funika, lakini majani yasiguse shina. Na usilime sana, utaukausha."

Nabwire alianza siku hiyo. Lusweti alibeba majani makavu ya ndizi kutoka soko la Jericho. Mama Deeqa, jirani wao wa ploti walimopanga, aliwapa samadi ya mbuzi wake. Nabwire alipanda maharagwe katikati ya sukuma wiki. Kila alipoona majani yale chini, mikono ilimwasha. Ufagio ulibaki nyumbani.

Mwezi wa saba mama mkwe alikuja kutoka Bungoma kuwatembelea. Ilikuwa siku ile ile ya ukaguzi. Nabwire aliporudi kutoka kuchota maji, mama mkwe hakuwepo. Ufagio pia haukuwepo.

Alikimbia bondeni. Mama mkwe alikuwa amekwisha kukusanya rundo kubwa la majani.

"Mwanangu, mgeni akuje akute shamba hivi? Nipe kiberiti."

Nabwire alikuwa hajawahi kumkatalia mama mkwe neno.

"Hapana, Mama," alisema. "Samahani. Hii hatuchomi. Lete mkono."

Aliuingiza mkono wa mama mkwe chini ya majani yaliyobaki. Mama mkwe alishika udongo, akaunusa.

Wakati huo Opicho alifika. Alichomeka fimbo yake ardhini, ikazama bila shida. Akapapasa jani moja la sukuma wiki, pana kama sinia.

"Nabwire, hii kipande ni yako. Na mimi unifungie mboga ya kwenda nayo."

Nabwire alianza kumchumia fungu kubwa. Mama Kilonzo alimpigia vigelegele kutoka upande wake.

Mama mkwe alikuwa bado amechuchumaa.

"Na mimi nyumbani migomba imejaa," alisema polepole. "Miaka yote hiyo nachoma majani yake."

Kisha akaanza kurudisha majani, moja moja, kwa mkono.